Hema Lisilopitisha Mwanga

Mama aliingia ndani ya hema la kwanza akiwa ameshika malapa yake mkononi, akavuta zipu mpaka chini, kisha kukawa kimya. Tulikuwa sokoni Busia, jua la saa saba liko utosini, na muuzaji akanitazama kwa jicho la kuuliza kama huyu mzee wangu yuko sawa. Nikamwambia asubiri. Mimi mwenyewe sikujua tunasubiri nini. Mama alikaa humo muda wa kusali Baba Yetu mara tatu, halafu zipu ikapanda na kichwa chake kikatokeza, kitambaa kimesogea upande.

"Hii si nyumba," akasema. "Hii ni taa."

"Mathe, hiyo ni wotaprufu," muuzaji akalalamika. "Hata ukimwagia ndoo, maji inateleza tu. Wazungu ndio hulala ndani."

"Wazungu wako na hospitali karibu," mama akamjibu, akavaa malapa yake.

Nieleze kilichotupeleka huko, maana mimi na mahema hatukuwa na udugu wowote. Kwa miaka mingi nimepika Malaba, kwenye kibanda cha mabati kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Wateja wangu ni madereva, mataniboi wao wa kuwasaidia garini na maajenti wa forodha, watu wenye njaa na haraka, na kwa ajili yao nimejifunza kupika vizuri na kujibu vibaya. Mwaka juzi mmoja wao, Mganda anayeendesha kambi za wawindaji huko Karamoja, aliniuliza kama naweza kwenda kumpikia kwa wiki tatu. Kwetu Kenya kuwinda kumekatazwa tangu zamani, lakini ng'ambo kuna sehemu ambako mgeni akipewa kibali anaruhusiwa kupiga nyati mmoja au wawili. Mimi sikuvutwa na nyati. Nilikuwa nimekaa miaka hiyo yote barabarani nikiwashibisha watu wanaokwenda, na mwenyewe sijawahi kwenda popote.

Sharti la yule Mganda lilikuwa moja. Kila mfanyakazi aje na hema lake, na liwe imara, kwa sababu huko ni nyika tupu na upepo wake haumwulizi mtu jina.

Sharti la pili lilitoka kwa mama. Nina pumu tangu utotoni. Nikilala kwenye baridi na unyevu kifua hufunga, na kikifunga sawasawa ile dawa ya kupuliza peke yake haitoshi. Mara mbili nimefikishwa hospitali nikiwa wa kubebwa. Kambi ile ilikuwa mwendo wa siku nzima kutoka zahanati iliyo karibu. Kwa hiyo mama akasema siendi hadi aone kwa macho yake mahali nitakapolaza kichwa. Nina zaidi ya miaka arobaini, nina wanangu wawili walioota ndevu, na bado nilijua kwamba yeye akikataa, safari imekufa.

Alikuwa na sababu. Tulizaliwa wasichana wawili, wote wenye vifua vibovu, na dada yangu mkubwa alituacha msimu wa mvua ndefu akiwa na miaka minane, mimi nina mitano. Kifua kilimchukua, ndivyo nilivyoambiwa na ndivyo ninavyowaambia watu wakiuliza. Mimi namkumbuka kidogo sana. Nakumbuka tulilala kitanda kimoja, na kwamba jua likishapanda kilikuwa kinashuka kimwanga cha duara juu ya mto wake, ukubwa wa kifungo cha koti. Alikuwa anakikamata kwa kiganja, anafunga ngumi, kisha ananiambia nimfungue vidole kimoja kimoja nione kama kimo. Hakikuwemo hata siku moja, na kila siku nilicheka upya.

Hema la pili mama aliingia akatoka. La tatu pia. La nne lilikuwa la kijani kibichi, limepambwa picha ya mlima, na humo alikaa mpaka watu wakaanza kusimama. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikainama mlangoni nikamwuliza kwa ukali, "Mama, kwani mwanga umekukosea nini?"

"Umeshika kumbikumbi na mimi miaka mingapi?" akauliza kutoka ndani.

"Mingi."

"Na kumbikumbi hutokea wapi?"

"Penye mwanga."

"Basi usinisumbue."

Aliyekulia kwetu hahitaji maelezo zaidi, lakini wengine wanaweza kuhitaji. Kichuguu kikiwa tayari, tunakisimikia vijiti juu yake, tunavifunika mablanketi na majani ya ndizi mpaka kunakuwa na kibanda kidogo chenye giza, na kingo zote tunazifukia kwa udongo. Tunaacha tundu moja tu, na chini ya tundu hilo tunazika sufuria. Kisha tunakaa kando tukigonga vijiti, ko-ko-ko-ko, ili wao chini wadhani mvua inanyesha. Wakipanda, wanaufuata mwanga, na mwanga ni ule mmoja tu, kwa hiyo wote wanaishia kwenye sufuria. Ukizembea, ukaacha blanketi lina kitundu hata cha ncha ya sindano, utawaona wanatokea hapo mmoja mmoja wanaruka zao, na jirani ndiye atakayekula. Kijijini kwetu Mundika hakuna mtu aliyejua kuziba kichuguu kama mama.

"Penye mwanga pana tundu," akaniambia alipotoka kwenye lile la kijani, "na penye tundu kitu hupita. Kwangu ni kumbikumbi. Kwako itakuwa maji."

Jibu lilinitosha. Niliona ni la busara, na nikadhani ndilo jibu lote.

Mimi ndiye niliyemkumbuka fundi wa maturubai. Malaba yuko mzee mmoja wa Kiteso, mtu wa Moding, ambaye anashona maturubai ya malori yaliyokatwa na kamba barabarani. Ana cherehani kubwa ya miguu na kidole gumba kigumu kuliko kisigino changu. Tulipomweleza tunachotaka, alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, mimi nashona ya gari," akasema. "Gari haina pumu."

"Gari inabeba sukari?" mama akamwuliza.

"Inabeba."

"Sukari ikilowa?"

"Eh! Dereva anafukuzwa hiyo siku."

Mama akanishika bega akanisogeza mbele ya cherehani. "Basi huyu ndiye sukari yangu."

Mzee akavaa miwani yake. Mimi ambaye nina jibu kwa kila dereva kutoka Mombasa mpaka Kampala nikajifanya natazama malori.

Asubuhi ile nzima mama aliingia chini ya kila kipande cha turubai kilichokuwa pale. Fundi na mimi tulishika pembe tukakiinua, yeye akasimama katikati akiwa amekunja shingo, anakagua juu. Madereva waliokuwa kwenye foleni walishuka kutazama. Mmoja anayenifahamu akapiga kelele, "Dada, mnatafuta mchawi?" Nikamwambia tunatafuta chai aliyokunywa juzi akasahau kulipa, na foleni nzima ikacheka. Mama hakucheka. Vipande viwili vilivyobandikwa viraka kwa gundi alivikataa, cha tatu akakikataa kwa sababu ya alama za kamba, na cha nne, kizito, cha rangi ya udongo, kilichokuwa kimetumika safari chache tu, akakaa chini yake muda mrefu kuliko vyote. Alipotoka alikuwa na jasho mpaka shingoni.

"Hiki," akasema.

Akamwagiza fundi mambo mawili. La kwanza, kuta za hema ziwe na mkia wa turubai wa kutandazwa chini na kufukiwa udongo pande zote, kama kingo za blanketi kwenye kichuguu. La pili, liwe na dirisha moja tu, dogo, lenye wavu na kifuniko, upande nitakaouchagua mimi kulingana na upepo. Fundi alitikisa kichwa taratibu na kusema huyu mama angekuwa mwanamume angemnyang'anya kazi. Kila mshono aliupitisha mara mbili, kisha akausugua kwa nta ya mshumaa mpaka ukang'aa. Lilipokamilika lilikuwa zito kama ndama, lakini lori la kambi ndilo lingelibeba.

Jumamosi tukalisimamisha uani kwa mama kulijaribu, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo, nikifikiri sasa, hata mtoto wa Busia asingelifanya.

Kwetu hema likisimama kwenye boma maana yake inajulikana. Harusi hutangazwa miezi kabla; hema lililoota ghafla asubuhi ni matanga. Sasa fikiria. Mama ana miaka sabini na kitu. Kigoda chake mlangoni hakina mtu, kwa sababu mwenyewe amejifungia ndani ya hema anatafuta matundu. Binti yake aliyetoka Malaba amesimama nje anapangusa macho, kwa sababu vumbi la turubai limemwingia na anapiga chafya. Jirani yetu mmoja akapita njiani na mtungi wa maji.

Mtungi ulianguka kwanza. Kilio kikafuata, kile cha mikono kichwani, na kabla sijafungua kinywa kilio cha pili kikamjibu kutoka shamba la pili, na cha tatu kutoka karibu na kanisa. Nilipiga kelele kwamba hakuna kitu, lakini mtu aliyefiwa si ndivyo husema? Jirani akanikumbatia akanibana uso kifuani. Watu walianza kuingia. Mmoja alikuja na unga kwenye karai, mwingine na kuni, na mwanamke wa kwaya alishaanzisha wimbo akiwa bado hajafika langoni.

Mama, huko gizani, alisikia vilio akajua kuna msiba kijijini. Akafungua mlango wa hema, akatoka kwa magoti mbele ya umati, akasimama akijipangusa vumbi, na kuuliza kwa uchungu wa kweli, "Ni nani? Nani ametuacha?"

Jirani alikaa chini palepale penye matope ya maji yake.

Tulicheka siku ile mpaka nikahitaji dawa yangu. Lakini niseme pia kwamba nilipowaona wale watu, karai la unga, kuku aliyefungwa miguu, mzee wa kanisa aliyekuja bila viatu kwa haraka, nilishikwa na shukrani. Nilikuwa naenda mahali ambapo hakuna mtu angesikia kilio changu, na hapa watu walikuwa wamekimbia bila kuitwa. Mama alikataa unga urudishwe. Alisema chakula kilichokuja kwa machozi hakirudi nyumbani kikavu, kwa hiyo tukapika, tukala wote, na yeye akawa anapita kwa kila mtu akimpa maksi. "Wewe ulilia vizuri," aliwaambia wengine. Jirani wa mtungi alimwambia, "Wewe ulianza juu sana. Siku yenyewe ikifika, utakuwa umekauka sauti."

Kati ya waliofika alikuwa bwana anayekodisha mahema na viti vya matanga. Alikuja na pikipiki kupima uwanja, akamkuta marehemu anamimina chai. Kwa kuwa alishafika, akalizunguka hema langu, akalivuta hapa na pale, akalisifu. Halafu akainama, akang'oa kimoja cha vile vigingi vya waya nilivyonunua sokoni, akakipinda kwa vidole viwili.

"Hizi ni za kuanika nguo, dada," akasema.

Akarudi kwake, akaja na vigingi vinane vya nondo, kila kimoja kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Alinionyesha namna ya kuvipigilia kwa kulaza, kichwa kikielekea mbali na hema, ili kamba ikivuta kigingi kisitoke. "Hema ya matanga inasimama siku nne na mvua, na watu wamelalia kamba," akasema. "Enda nazo. Utarudisha ukirudi, kama hakuna mtu amekufa." Mama akamtazama. Yule bwana akajirekebisha haraka: "Na hakuna mtu atakufa."

Mama aliingia hemani mara ya mwisho, akatoka, akasema niende.

Karamoja ilikuwa yote niliyoitamani: nchi pana ya manjano, milima ya mbali, asubuhi ambazo hakuna injini hata moja. Nilipika nyama ya nyati hadi nikaichoka. Mgeni mwenyewe alikuwa mzungu mkubwa, mpole, aliyekuja na hema lililoletwa kwa ndege, jepesi hivi kwamba alilibeba begani kama mwavuli. Alipoona watu wawili wanahangaika kushusha langu, alitabasamu. Nilitandaza mkia wa turubai, nikaufukia udongo kote, nikageuzia dirisha upande usio na upepo, nikapigilia nondo zangu nane kwa kulaza. Nilifanya hivyo kila tulipohama, hata siku nilizochoka, kwa sababu nilijua nani angeniuliza.

Wiki ya tatu, saa tisa mchana, mvua isiyotarajiwa ilikuja. Kwanza ukuta wa vumbi, kisha upepo, kisha maji ya baridi yaliyokuja kwa ubavu. Sufuria zangu zilibingirika. Hema la mgeni liling'oka lote, likapaa, likanasa juu ya mgunga. Mahema ya wengine yalilala chini. Nilikimbilia langu, na nyuma yangu wakaingia dereva, wafuatiliaji nyayo wawili, na mwishoni mgeni mwenyewe, akakaa juu ya gunia langu la unga akiwa amekunja magoti mpaka kidevuni.

Kifua kilianza kufunga. Lile vumbi lilikuwa limeshaingia, na baridi iko nyuma yake. Nilipuliza dawa, nikafunga kifuniko cha dirisha, nikakaa na kuhesabu pumzi kama nilivyofundishwa nikiwa mdogo. Niliogopa. Nilifikiria siku nzima ya barabara ambayo sasa imekuwa mto. Turubai lilikuwa linapigwa juu yetu kama mtu anayekung'uta mkeka, kamba zinalia, nondo zimeshika. Nikaweka kiganja chini nilipokuwa nimekaa. Pakavu. Nikapapasa ukutani, kwenye mkia, kwenye kila mshono niliofikia. Pakavu. Tulikuwa gizani kabisa, watu watano, na katika giza lile sikuona hata nukta moja. Pumzi ikaanza kuteremka taratibu mpaka mahali pake.

Mvua ilipopungua mgeni aligonga turubai kwa vidole, akauliza kampuni gani imelitengeneza. Nikamwambia ni ya mama yangu. Aliandika kitu kwenye kitabu chake, sijui nini.

Nilirudi Mundika siku ya jua. Mama alikuwa uani anapeta karanga. Hakuuliza habari za nyati wala za wazungu. Alinigeuza, akaweka sikio mgongoni pangu, juu ya gauni, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto, na kusikiliza upande huu na upande ule. Kisha akasema hema lianikwe lisije likaoza. Basi tukalisimamisha tena. Jirani alipita, akalitazama, akasema leo hatumpati.

Mama akaniita twende ndani. Tukafunga mlango, tukalala chali juu ya turubai, mchana ule ule, giza tupu. Nilimsimulia mvua.

"Bati la juu ya kitanda chenu lilikuwa limetoboka," akasema. "Nilikuwa naliona mchana. Mwanga ulikuwa unashuka mpaka kwa mto wake. Nikasema tukishavuna nitaweka lingine. Mvua haikungoja."

Sikuuliza mto wa nani. Nilikiona kile kimwanga cha duara, ngumi ikifunga, vidole nikivifungua kimoja kimoja. Kitu pekee nilichobaki nacho cha dada yangu, nilichokipenda maisha yangu yote, mama alikuwa akikitazama kwa miaka hiyo yote kwa jicho lingine kabisa. Mbele za watu sokoni, chini ya maturubai Malaba, alikuwa akikitafuta hicho.

Nilimtafuta mkono gizani nikaupata. Nilimwambia asante. Nilimwambia nilibaki mkavu kabisa, Mama, kuta, chini, kila mahali, na kifua kikafunguka, na ni wewe. Alivuta pumzi, na kwa sauti yake ile ya sokoni akasema nitazame tena juu, macho yangu ni mazuri kuliko yake.

Nikatazama. Nikaanzia pembeni, nikafuata mshono mmoja mmoja mpaka katikati.

"Hakuna," nikamwambia.

"Tazama vizuri."

"Hakuna, Mama. Hakuna hata kimoja."